Kisima cha gesi kiko kwa jirani, moto tuliuona usiku, cheki haiji. Nafuatiliaje uzalishaji?

Mama Neema ameuliza:

Habari zenu humu ndani. Najua wengi humu mnaongelea makaratasi ya uhamiaji na kontena za kutuma nyumbani ila najua hamkosi mliooa au kuolewa kwenye familia zenye ardhi huku kusini mwa Marekani, naombeni msaada maana kichwa kinauma.

Niko kaskazini magharibi mwa Louisiana, DeSoto Parish. Parish huku ni wilaya, msije mkadhani naongelea parokia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alituachia ekari 20, msitu mtupu na kibanda kimoja kilichoinama. Chini ya huo msitu ndo kuna ile gesi ya Haynesville. Mwaka 2008 makampuni yalikuwa yanagonga milango na mikataba, kuna watu walilipwa zaidi ya dola 20,000 kwa ekari moja kusaini tu, mama mkwe yeye alisaini mapema kabla bei haijachangamka akapata kiduchu, ila mrabaha, yaani fungu lake kwenye gesi inayouzwa, aliandikiwa moja ya tano. Kisima kikachimbwa na mpaka leo kinatoa, cheki inakuja kwa jina la mume wangu, siyo ya kutajirika lakini kodi ya ardhi inalipika na kinachobaki tunanunulia gesi ya kupikia, mjionee maajabu hayo.

Sasa mwaka jana jirani upande wa kusini alikatiwa miti, pakasawazishwa, likaja rigi, ule mtambo wa kuchimbia, likatoka, yakaja malori ya mchanga na maji usiku na mchana mpaka barabara ikabonyea, halafu siku kadhaa tukawa tunaona moto unawaka juu ya bomba usiku kama jua la pili. Vichwa vya visima viko vitatu, nimevihesabu mwenyewe kwenye uzio. Jirani anasema analipwa. Sisi hakuna kitu. Tena mbaya zaidi, wakati wale wanachimba, kisima chetu cha zamani cheki ikapungua, miezi minne haikuja kabisa, ikarudi tena. Shemeji yangu anasema wazi kwamba gesi yetu inavutwa na jirani na sisi tumekaa tunaangalia.

Swali langu, mtu wa kawaida anaweza kufuatilia visima vya karibu yake vinatoa kiasi gani? Au mpaka uwe na mtu ndani ya kampuni? Nilipiga simu kampuni nikaambiwa tuma barua pepe, nikatuma, kimya.

---

kijana_wa_mbalizi amejibu:

Shemeji yako ana akili. Hiyo ni kama glasi moja mirija miwili, mwenye mrija mnene ndo anashiba. Tafuteni wakili

---

Fundi Bomba amejibu:

Kijana wa Mbalizi usimtie mwenzio presha ya bure, hiyo ya mirija ni ya visima vya zamani.

Mama Neema pole kwa msiba kwanza. Mimi kazi yangu ni pampa, yaani nazungukia visima kila siku nasoma mita, napima maji kwenye matanki, naandika pressure, niko Texas upande wa mashariki karibu na mpaka wa kwenu, mwamba ni ule ule. Ngoja nikueleze taratibu maana hili jambo watu wanalikosea mwanzo kabisa, kwenye kuangalia.

Kosa la kwanza ni kuangalia pale vichwa vya visima vilipo. Vile vichwa ni mlango tu. Mwamba wa Haynesville uko chini zaidi ya futi 10,000, ni sheli, siyo sheli ya kujazia mafuta ya gari, ni jiwe gumu la udongo lililobana gesi kiasi kwamba haiwezi kusafiri yenyewe. Ndo maana kisima kinashuka wima, kikifika chini kinapinda na kulala, kinaenda kwa ubapa maelfu ya futi, halafu huo mkono uliolala ndo unatobolewa na kupasuliwa kwa maji na mchanga kwa nguvu. Gesi inatoka kwenye nyufa zilizo karibu na mkono tu. Kwa hiyo kisima mlango wake unaweza kuwa kwa jirani wa kusini na mkono wote uko chini yako, au mlango uko mbele ya nyumba yako na mkono umekupa mgongo umeelekea kwingine kabisa.

Na Louisiana hawagawi kwa kuangalia shimo limepita chini ya ekari ya nani. Jimbo linachora yuniti, yaani eneo la kugawana gesi, kwa Haynesville mara nyingi ni sekisheni nzima, maili moja kwa maili moja, ekari 640 hivi. Ukiwa ndani ya yuniti unapata fungu kwa ekari zako hata kama bomba halijakupitia. Ukiwa nje ya yuniti hupati senti hata kama unasikia kelele za rigi ukiwa kitandani. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe jirani anapata shilingi ngapi, liwe: mimi niko sekisheni namba ngapi, na kati ya vile visima vitatu kipi mkono wake unaingia kwenye sekisheni yangu.

Hayo yote unayaona bure, huhitaji mtu wa ndani. Jimbo lina mfumo kwenye intaneti unaitwa SONRIS. Una ramani, unakuza mpaka kwenye shamba lako, unaona vidoti vya visima na mistari ya mikono yao. Ukibonyeza kisima unapata jina, namba yake ya usajili, kibali kilitoka lini, majaribio ya kwanza yalitoa kiasi gani kwa siku, na uzalishaji wa mwezi kwa mwezi. Ramani ni nzito kama nini, tumia kompyuta usitumie simu utatupa simu.

Ukishafungua soma majina vizuri, jina la kisima linaongea. Ukiona HA RA SU na herufi au namba, hiyo ni yuniti ya Haynesville. Ukiona ALT, hicho ni kisima cha nyongeza kwenye yuniti ambayo tayari ina kisima. Ukiona HC, hapo ndo pa kukaa chonjo, maana yake mkono unavuka kutoka yuniti moja kwenda nyingine. Zamani mikono ilikuwa inaishia ndani ya sekisheni moja, futi kama 4,600, siku hizi wanaenda futi 7,500, 10,000, wengine zaidi. Kwa HC namba za sekisheni mara nyingi zimo ndani ya jina lenyewe, kwa mfano 23&14. Gesi ya kisima hicho inagawanywa kati ya yuniti kwa urefu wa sehemu iliyotobolewa ndani ya kila moja. Kwenye makabrasha ya kisima kuna mchoro wa mpima ardhi uliofanywa baada ya kuchimba, hapo asilimia zimeandikwa.

Kuhusu miezi minne kisima chenu kukauka, mimi nakuhakikishia asilimia kubwa hamjaibiwa. Wakati wanapasua mwamba kwenye visima vipya, visima vya zamani vya jirani vinafungwa kwa makusudi, maana ile pressure ikipenya ikaingia kwenye kisima kinachotoa inakijaza maji na mchanga. Mimi nimeshafunga sana visima vya namna hiyo, unapewa orodha asubuhi, unaenda unazungusha valvu, unaandika saa, basi. Mwenye ardhi haambiwi. Baada ya hapo vingine vinarudi na nguvu kuliko mwanzo kwa muda, vingine vinarudi vinakohoa maji miezi. Ukiangalia SONRIS utaona sifuri zimejipanga, halafu linganisha na tarehe za visima vipya. Zikilingana umepata jibu.

---

Mtu wa Kilwa amejibu:

Samahanini mimi niko nyumbani nasoma tu, ila kuna kitu sijaelewa. Hivi ni kweli mtu binafsi, tena mama wa kawaida, anamiliki gesi iliyoko chini futi elfu kumi? Sisi huku Songo Songo gesi imegunduliwa 1974, imeanza kutoka 2004, inawasha umeme Dar, hakuna mwanakijiji aliyewahi kuletewa cheki eti kisima kiko karibu na mnazi wake.

---

Fundi Bomba amejibu:

Ndio mkuu, Marekani ni tofauti na karibu dunia nzima kwa hilo. Huku mwenye ardhi anaweza kumiliki na kilicho chini, na anaweza kuuza juu akabaki na chini au kinyume chake. Kwetu Tanzania sheria ya petroli ya 2015 inasema ni mali ya Jamhuri, wewe unalipwa fidia ya ardhi na mazao, na halmashauri inachukua ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo. Kwa hiyo mtu wa Kilwa akitaka kufuatilia uzalishaji anamfuatilia diwani na hesabu za halmashauri. Mama Neema anafuatilia mwenyewe maana hela ni yake.

---

Mtu wa Kilwa amejibu:

Duh. Haya, endeleeni, nimekaa pembeni na kahawa yangu.

---

Bwana Mipaka amejibu:

Naongezea na mimi maana niko Caddo Parish, hapo juu yenu tu, na mimi kesi yangu ni kinyume cha wote humu. Nyie mnaomba visima vitoe, mimi naomba visitoe.

Nilinunua ekari 12 mwaka 2013. Aliyeniuzia aliandika kwenye hati kwamba haki za madini anabaki nazo yeye. Majimbo mengine ukishaandika hivyo imetoka hiyo, vitukuu vyake watakula. Louisiana wana sheria yao ya aina yake, ukijitengea madini usipoyatumia miaka 10 yanarudi kwa mwenye ardhi. Kutumia maana yake kuchimba kwa nia ya kweli au kutoa. Kila kisima kikitoa, saa inaanza upya.

Sasa pale kulikuwa na kisima cha zamani cha wima, siyo Haynesville, mwamba wa juu yake, kilikuwa kinatoa gesi kidogo kama mtu anapuliza mshumaa. Nikawa kila mwezi naingia SONRIS naangalia kama bado kinapumua. Mke wangu akawa ananiuliza we una mwanamke gani kwenye hiyo kompyuta. Mwaka 2017 mwishoni kikaandika sifuri. Mwezi uliofuata sifuri. Mpaka leo sifuri. Nimechapisha kila ukurasa nimeweka kwenye faili na tarehe zake. Kama hakuna atakayechimba mpaka mwisho wa 2027, madini yanakuja kwangu, na mzee aliyeniuzia analijua hilo vizuri kuliko mimi, kila tukikutana ananiuliza kama nimesikia kampuni yoyote inakuja upande wetu, anacheka, na mimi nacheka.

Kwa hiyo mimi sifuatilii uzalishaji tu, nafuatilia vibali. Kibali kikitoka kwenye sekisheni yangu naumwa tumbo wiki nzima. Mama Neema hakikisha kwanza mama mkwe hakununua hiyo ardhi kwa mtu aliyejitengea madini, au hata kama alinunua, saa yake imefika wapi. Na kuna vipengele, mfano kisima kikiwa nje ya shamba lenyewe kinaokoa haki za madini kwenye ile sehemu tu ya shamba iliyo ndani ya yuniti, na kisima kilichofungwa lakini kina uwezo wa kutoa kina hesabu yake, hapo ndo pa wakili, siyo jukwaani.

---

Dada wa Tyler amejibu:

Mama Neema shoga yangu, na sisi wa Texas tuna mateso yetu, huku taarifa zinatunzwa na Railroad Commission, jina la reli lakini reli walinyang'anywa 2005 wamebaki na mafuta na gesi. Gesi unaiona kwa kila kisima ila mafuta yanaripotiwa kwa lisi nzima, yaani eneo la mkataba mmoja, kama lisi ina visima nane unaona jumla tu, kipi kinatoa kipi kimelala ubashiri mwenyewe. Shukuru Mungu yenu ni gesi.

Mimi nataka nikuambie upande wa hesabu maana hapo ndo nililia mimi. Chukua karatasi. Ekari zako 20 gawanya kwa ekari za yuniti 640, zidisha kwa mrabaha wako 0.20. Unapata 0.00625. Hiyo ndo desimali yako kwenye kisima kinachokaa chote ndani ya sekisheni, angalia stetimenti ya cheki ya zamani utaiona imekaa hapo kama namba ya simu. Ukiona tofauti kidogo inaweza kuwa yuniti imepimwa ikatoka 638 au 645, siyo lazima iwe wizi. Sasa tuseme kisima kimetoa mcf 300,000 kwa mwezi, mcf ni futi za ujazo elfu moja. Zidisha kwa 0.00625, fungu lako ni mcf 1,875. Tuseme gesi imeuzwa dola 2.50 kwa mcf, hapo ni kama dola 4,687 kabla hawajakata. Kama ni HC na nusu ya mkono tu ndo iko kwenu, gawa kwa mbili.

Halafu usitegemee zilingane senti kwa senti. Louisiana gesi inaripotiwa kwa kipimo cha pressure ya 15.025 na mnunuzi anaweza kutumia 14.73, gesi ile ile inatofautiana kama asilimia 2 kwenye karatasi. Pia anayenunua analipa kwa joto, siyo kwa ujazo. Na cheki ya mwezi huu ni ya gesi iliyotoka miezi miwili mitatu nyuma, mimi nilikuwa nalinganisha cheki ya Juni na uzalishaji wa Juni, nikagombana na kampuni mwaka mzima, kumbe mjinga mimi.

Makato ndo soma mkataba. Kuna kukusanya, kuna kukausha maji, kuna kusafisha, kuna kusukuma kwenye bomba kubwa. Mikataba mingine inaruhusu wakukate, mingine inakataza, maneno mawili tu yanaamua.

Na usishangae namba zikishuka kama jiwe. Visima vya sheli mwaka wa kwanza vinapoteza zaidi ya nusu, baadaye vinatulia vinaenda mdogo mdogo miaka mingi. Wifi yangu alipata cheki tatu za kwanza akaenda kuchukua gari la mkopo. Sitasema zaidi.

---

kijana_wa_mbalizi amejibu:

Dada wa Tyler hiyo ya gari imenigusa. Kwa hiyo ile bei ya 2022 ndo imeisha?

---

Dada wa Tyler amejibu:

2022 wastani wa bei ya Henry Hub, ile bei ya kipimo ya gesi Marekani, ulipita dola 6. 2024 ulikuwa kama 2.20. Uzalishaji ule ule, cheki theluthi. Na 2024 hiyo hiyo kuna makampuni yalifunga visima na mengine yakamaliza kuchimba yakaviacha bila kuvifungulia, yanasubiri bei. Kwa hiyo ukiona kisima kimekamilika na sifuri juu, si lazima kiwe kibovu.

---

Fundi Bomba amejibu:

Sahihi. Na nyingine, unaweza kuona kisima kipya kinatoa kidogo kuliko cha jirani ukadhani cha kwenu kibaya. Uliza tundu la valvu wamelifungua kiasi gani, wenyewe wanaita choki, linapimwa kwa sehemu za 64. Kisima kwenye 14/64 na kisima kwenye 24/64 ukivilinganisha kwa gesi ya siku moja unajidanganya. Siku hizi wengi wanabana ili mwamba usibomoke, kinatoa kidogo kidogo ila kinakaa. Namba ya choki na pressure iko kwenye majaribio ya kwanza kwenye SONRIS. Mimi nikiona pressure bado iko juu na choki ndogo nasema hiki kizuri, hata kama watu wanakitukana.

---

Bwana Mipaka amejibu:

Na barua Mama Neema. Zimeanza kuja? Zile za "tunanunua haki zako za madini, jibu ndani ya siku kumi"?

---

Mama Neema amejibu:

Nne tangu Pasaka!! Umejuaje

---

Bwana Mipaka amejibu:

Kwa sababu na wao wanasoma SONRIS hiyo hiyo. Barua zikimwagika ghafla kuna kibali au kisima kimeanza kutoa ndani ya sekisheni yako. Usisaini kitu. Ukinipa sekisheni ya mtu na idadi ya barua alizopata nakuambia kama rigi iko njiani.

---

Mama Neema amejibu, siku tano baadaye:

Nimerudi. Kwanza asanteni sana, kweli penye wengi hapaharibiki neno.

Nilikaa na mwanangu wa kidato cha pili Jumamosi nzima, yeye anashika kompyuta mimi nashika hati ya ardhi na miwani. Sekisheni yetu ni 23, iko kwenye hati mstari wa tatu, miaka yote hiyo nilikuwa naisoma kama namba ya nyumba. Tukaikuta kwenye ramani. Vile visima vitatu vya jirani, viwili mikono yake imeenda kusini, sekisheni 26 na 35, kwetu vimetupa mgongo kama Fundi alivyosema. Cha tatu jina lake lina 23&14 HC 1-ALT. Mwanangu akapiga kelele mpaka baba yake akatoka bafuni.

Mstari wake unapanda kaskazini unapita chini ya msitu wetu, karibu kabisa na kile kibanda, unavuka kwenda 14. Kimeanza kutoa miezi saba iliyopita. Miezi saba! Na choki ilikuwa 16/64, Fundi nimekukumbuka.

Kisima cha zamani, zile sifuri ni Februari mpaka Mei, na hivi vitatu vimekamilishwa Aprili na Mei. Kwa hiyo shemeji nimempelekea karatasi, ameangalia muda mrefu akasema hata hivyo yeye hawaamini. Sawa.

Sasa nikabaki na swali, kama tumo, cheki iko wapi? Nikapiga tena, safari hii sikusema naomba kujua habari za visima, nilisema nataka kitengo cha wamiliki, nikawatajia namba ya usajili ya kisima, sekisheni na ekari. Yule dada sauti ilibadilika. Akatafuta akaniambia fungu lipo, limewekwa pembeni, kwa jina la mama mkwe. Walipokuwa wanajiandaa kuchimba wakili wao alisoma vitabu vya hati za wilaya kabla ya hukumu yetu ya mirathi haijasajiliwa, kwa hiyo kwenye kisima kipya mwenye mali bado ni marehemu. Cha zamani walibadilisha kwa sababu sisi wenyewe tulipeleka karatasi kipindi kile, tukadhani imetosha kwa vyote. Barua ya kututaka tusaini mgawo, ile karatasi ya kukubali fungu letu, ilitumwa kwenye anwani ya mama mkwe, ile nyumba ilishauzwa.

Jumatatu nimetuma cheti cha kifo, hukumu ya mirathi yenye muhuri wa karani, na fomu ya kodi ya mume wangu. Kwa barua ya kusaini kupokea.

---

Dada wa Tyler amejibu:

Hongera shoga! Wakikutumia mgawo usisaini kabla hujapiga hesabu ya desimali

---

Mama Neema amejibu:

Nimeshapiga. Ule mchoro wa mpima ardhi tumeupata kwenye makabrasha, 58% ya sehemu iliyotobolewa iko 23, iliyobaki iko 14. 0.00625 mara 0.58 nimepata 0.003625. Nimeiandika kwenye mlango wa friji kwa kalamu nyekundu. Mwanangu kaandika chini yake "Mama Petroli".

---

Fundi Bomba amejibu:

Hahaha. Ikija desimali tofauti na ya kwenye friji lete hapa tuitazame.

---

Mtu wa Kilwa amejibu:

Mimi nimeshamaliza kahawa naenda kumtafuta diwani.